Alama ya Gumba Katika Kadi ya Mwaka 1942: Uchambuzi wa Kisa cha Valerian Trifa

Mwaka 1982 wataalamu wa alama za vidole wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipokea kadi ya posta yenye umri wa miaka arobaini. Kadi hiyo ilikuwa imetumwa mwaka 1942 kwa Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS katika utawala wa Kinazi. Serikali ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikiihifadhi, ilikubali ichunguzwe kwa sharti moja: isifanyiwe jambo lolote litakaloiharibu au kuibadilisha. Wachunguzi walitakiwa kubaini kama mtu aliyedaiwa kuituma, Mromania aitwaye Viorel Trifa, aliwahi kuishika kwa mkono wake mwenyewe. Wakati huo Trifa alikuwa akijulikana kama Askofu Mkuu Valerian, kiongozi wa jimbo la Waorthodoksi wa Kiromania nchini Marekani, mwenye makao yake Grass Lake katika jimbo la Michigan, na serikali ya Marekani ilikuwa katika hatua za mwisho za kutaka kumwondoa nchini.

Jibu lilipatikana bila kadi kuguswa na tone la dawa. Ilimulikwa kwa leza, ikatazamwa kupitia kichujio cha rangi, na juu ya karatasi ile kuukuu ikaonekana alama ya kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambayo ililinganishwa na alama za askofu mkuu na kukutwa kuwa yake. Wanaoandika kuhusu mng'ao, yaani mwanga ambao kitu hutoa chenyewe kinapomulikwa, katika uchunguzi wa jinai hupenda kusifu wingi wa alama unaoweza kufichuliwa kwa njia hiyo, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kisa cha Trifa kinaonyesha jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, yaani kwamba mwanga huuliza swali lake na kuuacha ushahidi ukiwa mzima, tayari kuulizwa tena na mtu mwingine.

Mtu mwenyewe na madai dhidi yake

Trifa alizaliwa mwaka 1914 huko Transylvania. Alipokuwa kijana aliongoza umoja wa kitaifa wa wanafunzi Wakristo wa Romania, uliokuwa karibu sana na Walinzi wa Chuma, chama cha kifashisti kilichojengwa juu ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mnamo Januari 1941 ilisambazwa ilani yenye jina lake, ya kuwachochea wafuasi wa chama hicho dhidi ya serikali ya Jenerali Ion Antonescu na dhidi ya Wayahudi. Uasi uliofuata, kati ya tarehe 21 na 23 mwezi huo, uliandamana na mauaji ya Wayahudi zaidi ya 120 mjini Bucharest, baadhi yao wakiuawa kwa ukatili ambao mtu mwenye moyo hawezi kuusoma kwa utulivu. Uasi uliposhindwa, viongozi wengi wa chama walikimbilia Ujerumani, ambako waliwekwa chini ya ulinzi lakini kwa masharti nafuu, mbali kabisa na mateso ya wafungwa wa kawaida wa Wanazi.

Baada ya vita Trifa alikaa Italia, na mwaka 1950 akaingia Marekani. Alichaguliwa kuwa askofu, mwaka 1955 alialikwa kusali sala ya ufunguzi katika Baraza la Seneti, na mwaka 1957 akapewa uraia. Miaka yote hiyo Charles Kremer, daktari wa meno wa New York aliyezaliwa Romania na kupoteza jamaa zake wengi katika maangamizi ya Wayahudi, aliandika barua, akakusanya nyaraka na kugonga milango ya maofisa wasiotaka kumsikiliza. Ninamtaja kwa makusudi, kwa kuwa bila ukaidi wake hakuna maabara ambayo ingeona sababu ya kuimulika kadi ile. Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi mwaka 1975, na mwaka 1979 ikaunda ofisi maalumu ya kuwafuatilia watu walioshiriki uhalifu wa Kinazi kisha wakaingia nchini kwa kuficha habari zao. Mwaka 1980 Trifa aliusalimisha uraia wake. Lililobaki lilikuwa kuamua kama aondolewe nchini, na katika hatua hiyo ndipo kadi ya Himmler ilipopata uzito.

Ni muhimu msomaji aelewe asili ya kesi hii kabla ya kuingia maabara. Marekani haikuwa na mamlaka ya kumhukumu kwa damu iliyomwagika Bucharest. Iliweza kumshitaki kwa jambo moja, kwamba alipoomba kuingia na kisha kuomba uraia alificha uanachama wake katika chama cha kifashisti. Kwa hiyo kila ushahidi ulipimwa kwa kigezo cha ukweli wa maelezo yake kuhusu maisha yake ya zamani. Mtu aliyejieleza kuwa mtumishi wa Mungu aliyesingiziwa na maadui zake alitakiwa sasa kueleza ni vipi alama ya kidole chake ilikutwa kwenye kadi iliyotumwa kwa mkuu wa SS.

Kwa nini kadi haikuweza kupakwa dawa

Mtu anaposhika karatasi huacha mchanganyiko wa jasho na mafuta. Jasho lina maji kwa sehemu kubwa sana, na maji hayo hukauka upesi, lakini nyuma yake hubaki chumvi, asidi za amino na vitu vingine vichache. Mafuta hutoka zaidi usoni na kwenye nywele, kisha hubebwa na vidole. Karatasi hunywa sehemu ya mchanganyiko huo, na asidi za amino hujishikiza kwenye nyuzi zake kwa nguvu kiasi kwamba, ikiwa karatasi haikulowana, zinaweza kudumu kwa miongo mingi. Hii ndiyo sababu karatasi, ambayo mtu asiyejua angeidhania kuwa dhaifu, ni mtunzaji mzuri wa alama za vidole kuliko vitu vingi vigumu na vinavyong'aa, ambavyo alama hukaa juu yake tu na kufutwa na kitambaa.

Njia iliyotumiwa zaidi kwa karatasi wakati huo ilikuwa ninhidrini. Dawa hii ilitengenezwa na mkemia Siegfried Ruhemann mwaka 1910, na mwaka 1954 watafiti wawili wa Sweden wakapendekeza itumike kwa alama za vidole. Inapokutana na asidi za amino hutoa rangi ya zambarau, na alama huonekana kwa macho matupu. Tatizo lake ni kwamba karatasi hulowanishwa kwa kiyeyusho ambacho mara nyingi hutawanya wino, na rangi ya zambarau hubaki. Njia ya zamani zaidi, nitrati ya fedha, hufanya kazi kwa chumvi ya jasho, lakini karatasi iliyopakwa huendelea kuwa nyeusi kila inapopigwa na mwanga. Mvuke wa iodini ni mpole zaidi kwa kuwa rangi yake hutoweka, ila hutegemea mafuta mapya na hauna matumaini makubwa kwa alama ya miaka arobaini. Unga wa kupaka kwa brashi nao huchafua nyuzi za karatasi na hausaidii sana alama iliyokwisha kuzama.

Hata baadhi ya njia za mng'ao zenyewe zilikuwa zimefungiwa mlango na sharti la Wajerumani. Mwaka huohuo wa 1982 mtafiti E. Roland Menzel na mwenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa alama iliyokwisha kupakwa ninhidrini, ikiongezewa kloridi ya zinki, hung'aa sana chini ya leza, kiasi kwamba alama hafifu isiyoonekana kwa zambarau peke yake huweza kusomeka. Miaka michache kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwamba rangi zing'aazo, kama rodamini 6G, zinaweza kushikamana na mabaki ya kidole na kuyafanya yawake. Hizi zilikuwa hatua kubwa, na hadi leo mtaalamu anayefukiza gundi ya sianoakrilati juu ya plastiki au chuma huimalizia kazi yake kwa rangi ya namna hiyo. Lakini zote ni kuongeza kitu juu ya ushahidi. Karatasi iliyopakwa haiwezi kurudishwa hali yake ya awali, na kwa hifadhi ya nyaraka za kihistoria hilo ni hasara hata kama uchunguzi umefaulu.

Sioni kwamba Ujerumani Magharibi ilikuwa ikiweka kikwazo kwa ubishi. Nyaraka za utawala wa Kinazi ni ushahidi wa watu wengi kwa wakati mmoja. Kadi moja inaweza kuhitajika katika kesi ya mtu huyu leo na katika kesi ya mtu mwingine kesho, na ikabaki kuwa chanzo kwa mwanahistoria ambaye hajazaliwa. Wapo watu wanaokana hata leo kwamba mambo hayo yalitokea. Mlinzi wa nyaraka anayekubali karatasi iloweshwe na kugeuka zambarau huwapa watu hao nafasi ya kusema kwamba ushahidi umechezewa.

Kazi ya mwanga

Njia iliyobaki ilikuwa bado changa. Mwaka 1977 Brian Dalrymple, wa polisi wa jimbo la Ontario nchini Kanada, pamoja na J. M. Duff na Menzel, waliokuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox nchini humo, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba baadhi ya alama za vidole hung'aa zenyewe zinapopigwa na leza ya agoni, bila kupakwa kitu chochote. Mwaka uliofuata FBI ilianza kutumia leza katika kitengo chake cha alama za vidole. Kadi ya Himmler ilifika mikononi mwao wakati chombo hicho kilikuwa na miaka minne tu ya kazi.

Msingi wa kisayansi ni wa zamani zaidi. George Gabriel Stokes alieleza mwaka 1852 kwamba vitu fulani hupokea mwanga wa rangi moja na kurudisha mwanga wa rangi nyingine, na kwamba mwanga unaorudishwa huwa na mawimbi marefu kuliko ule uliopokewa. Sababu yake ni kwamba molekuli inapomeza nishati ya mwanga hupoteza sehemu ya nishati hiyo kabla ya kuitoa iliyobaki, na nishati pungufu huonekana kama mwanga ulioelekea upande wa manjano, machungwa au nyekundu. Jambo hili huitwa fluoresensi, na hukoma karibu mara moja mwanga unaomulika unapozimwa.

Leza ya agoni hutoa mwanga wa buluu na kijani, wenye mawimbi ya nanomita 488 na 514.5 kwa mistari yake mikuu. Mwanga huo, ukitawanywa kwa lenzi ili usiunguze sehemu moja, humwagwa juu ya karatasi ndani ya chumba chenye giza. Karatasi hurudisha sehemu kubwa ya buluu na kijani hiyo bila kuibadilisha, na kama mchunguzi angeitazama hivyohivyo asingeona chochote isipokuwa wangavu unaoumiza macho. Ndiyo maana huvaa miwani ya rangi ya machungwa na huweka kichujio cha namna hiyohiyo mbele ya kamera. Kichujio huzuia mwanga wa leza uliorudi na kuruhusu mng'ao peke yake upite. Kilichobaki machoni ni mistari ya ngozi ikiwaka kwa manjano hafifu, na picha hupigwa kwa kuacha lenzi ya kamera wazi kwa muda mrefu ili mng'ao huo mdogo ujikusanye.

Kinachong'aa katika alama isiyopakwa dawa hakilingani kwa kila mtu. Jasho na mafuta vina viambato vichache vyenye uwezo huo, lakini mara nyingi mng'ao hutokana na vitu ambavyo mkono umevigusa kabla, kama vile chakula, vipodozi, wino au mafuta ya mashine. Kwa sababu hiyo alama zinazoonekana kwa leza peke yake ni sehemu ndogo ya alama zote zilizopo, na mchunguzi asiyeona kitu hana haki ya kuandika kwamba karatasi haikuguswa. Ugumu wa pili ni karatasi yenyewe, kwani ikiwa nayo inang'aa kwa nguvu huimeza alama. Alama ya kadi ya Himmler ilivuka vikwazo vyote viwili: mabaki ya kidole yalikuwa na kitu chenye kuwaka, na karatasi haikuwaka kupita kiasi. Naona ni haki kusema kwamba bahati ilikuwa na nafasi yake hapa, na hilo halipunguzi thamani ya matokeo hata kidogo.

Kwa kuwa nimesema kwamba mwanga huacha ushahidi mzima, ni lazima niongeze mpaka wa kauli hiyo. Mwanga mkali unaodumu kwa muda mrefu hufifisha wino na kuzeesha karatasi, na mwanga wa urujuanimno huweza kuharibu chembechembe za DNA ambazo leo hutafutwa katika karatasi hiyohiyo. Mchunguzi makini hupima muda wa kumulika jinsi anavyopima dawa. Lakini dakika chache za leza iliyotawanywa haziwezi kulinganishwa na kutumbukiza kadi katika kiyeyusho.

Alama ilithibitisha nini

Mng'ao huishia pale mistari inapoonekana. Kusema kwamba mistari hiyo ni ya fulani ni kazi nyingine kabisa, inayofanywa na binadamu anayelinganisha alama mbili, na kazi hiyo inaweza kukosewa hata na wataalamu wakubwa. Mwaka 2004, baada ya mashambulizi ya treni za Madrid, FBI hiyohiyo ilimhusisha wakili mmoja wa Oregon na alama iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu. Polisi wa Hispania walipinga, kisha wakaitambua alama hiyo kuwa ya mtu mwingine, na FBI ikaomba radhi. Uzuri wa picha ya alama haumhakikishii mtu kwamba ulinganisho ni sahihi, na wakati mwingine picha inayowaka vizuri gizani huwapa watazamaji, wakiwamo mahakimu, imani iliyozidi kiasi. Katika kisa cha Trifa kulikuwa na faida moja kubwa: ulinganisho ulifanywa dhidi ya mtu mmoja aliyekwisha kujulikana kwa ushahidi mwingine. Ilikuwa tofauti na kesi ya Madrid, ambako kompyuta ilipitia kumbukumbu za mamilioni ya watu na kuleta mfanano wa bahati mbaya.

Baada ya utambuzi, huja swali la wakati. Alama ya kidole husema kwamba ngozi hii iligusa kitu hiki. Haisemi lini, wala hakuna kipimo cha kuaminika kinachoweza kusoma umri wake kutokana na mabaki yenyewe. Katika kesi za kawaida hapo ndipo utetezi hupata nguvu: mshitakiwa alikuwa mgeni katika nyumba hiyo wiki iliyopita, au aliishika chupa hiyo dukani. Lakini kadi hii ilikuwa na historia inayoifunga. Ilitumwa mwaka 1942 kwa mkuu wa SS, ikabaki katika nyaraka za Ujerumani, na Trifa alikuwa amehamia Marekani tangu mwaka 1950. Njia pekee yenye mantiki ya kidole chake kuifikia ni kwamba aliishika kabla haijatumwa. Kwa maneno mengine, tarehe ya alama haikutoka maabara, bali ilitoka kwa watunza nyaraka, na mtu anayesimulia kisa hiki kama ushindi wa leza peke yake huwanyima haki watu walioiweka kadi ile katika faili lake kwa miongo minne.

Kisha kuna yale ambayo alama haikuyathibitisha. Haikuonyesha kwamba Trifa aliua mtu yeyote, wala kwamba aliamuru mauaji ya Bucharest. Ilionyesha kwamba alikuwa na mawasiliano na uongozi wa juu wa SS, katika mwaka ambao maangamizi ya Wayahudi yalikuwa yakiendelea kwa kasi ya kutisha, na kwa kesi inayohusu maelezo ya uongo hilo lilitosha kuwa zito. Mnamo Oktoba 1982, mbele ya jaji wa uhamiaji mjini Detroit, Trifa aliacha kupinga na kukubali kuondolewa nchini, akikiri kwamba alikuwa ameficha uanachama wake katika Walinzi wa Chuma. Sidai kwamba kadi ndiyo iliyomvunja, kwa kuwa ushahidi mwingine ulikuwa mwingi, zikiwamo nyaraka na mashahidi. Iliongeza jambo ambalo shahidi wa macho hawezi kuliongeza, nalo ni kutotegemea kumbukumbu ya mtu yeyote.

Nchi kadhaa zilikataa kumpokea. Aliondoka kwenda Ureno mwaka 1984, na serikali ya nchi hiyo ilipotambua ni nani ilianza nayo kutaka atoke. Alifariki Cascais mnamo Januari 1987, akiwa hajawahi kusimama mbele ya mahakama huru kujibu kuhusu siku zile tatu za Bucharest.

Utaratibu wa leo wa kuchunguza karatasi unafuata mantiki ya kisa hiki, hata pale ambapo hakuna serikali iliyoweka sharti. Karatasi hutazamwa kwanza kwa macho, kisha kwa mwanga wenye kuamsha mng'ao, na kila kinachoonekana hupigwa picha, ndipo dawa za maji zifuate kuanzia iliyo pole. Dawa zenyewe zimeboreshwa sana: DFO, iliyotangazwa Uingereza mwaka 1990, na indanedioni, iliyotoka Marekani mwishoni mwa muongo huohuo, humenyuka pamoja na asidi zilezile za amino ambazo ninhidrini huzitafuta, lakini mazao yake hung'aa kwa nguvu bila kuhitaji kuongezewa madini kwa lazima. Wanaofanya kazi kwa haraka hushawishika kuruka hatua ya mwanga na kwenda moja kwa moja kwenye dawa, wakijua kwamba dawa hufichua alama nyingi zaidi. Nadhani wanakosea. Alama iliyong'aa kwa sababu ya mafuta ya mashine au kipodozi haina lazima ya kuwa na asidi za amino za kutosha, na kiyeyusho kikishapita kinaweza kuifuta kabla mtu yeyote hajaiona. Zaidi ya hayo, karatasi iliyomulikwa tu bado inaweza kupewa DFO au indanedioni baadaye, ilhali iliyokwisha kuloweshwa haiwezi kurudishwa nyuma. Kadi ya Himmler ilitoka maabara ya FBI bila dawa yoyote juu yake, na dawa mbili hizo zilipogunduliwa baadaye, hakuna lililofanywa mwaka 1982 ambalo lingemzuia mtu mwenye shaka na mwenye ruhusa ya kisheria kuitazama upya na kutafuta vidole vingine ambavyo leza haikuviona.